Dhamana kwa kesi za unga: kwanza tuulize nani anachelewesha

Aliyewahi kukaa kwenye benchi za Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, siku ya kesi kubwa za dawa za kulevya anajua kitakachosemwa kabla hakijasemwa. Karandinga linaingia, mahabusu wanashushwa, jina linaitwa. Wakili wa Serikali anasimama: upelelezi haujakamilika, tunaomba tarehe nyingine. Hakimu anaandika, anataja siku ya wiki mbili mbele. Mshtakiwa anageuka kuwatafuta ndugu zake kwa macho, kisha huyo, anarudishwa rumande. Dakika tano hazijaisha. Siku ya kwanza aliambiwa asijibu lolote kwa kuwa mahakama hiyo haina mamlaka ya kusikiliza kesi yake. Dhamana nayo hana, maana mzigo anaodaiwa kukutwa nao umevuka uzito uliowekwa na sheria.

Mlango huo wa dhamana uliwahi kugongwa. Mei 2020 Mahakama Kuu ilisema kifungu cha 148(5) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kinachozuia dhamana kwa makosa kadhaa, kinapingana na Katiba. Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo, na kifungu kikabaki.

Wanaotetea zuio hawasemi upuuzi. Watazame Mombasa. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 49, inampa kila mtuhumiwa haki ya dhamana isipokuwa kuwe na sababu nzito za kumnyima. Ndugu wawili, Baktash na Ibrahim Akasha, walikamatwa Novemba 2014 kwa tuhuma za dawa za kulevya, kwa ombi la Marekani, wakapata dhamana. Kesi ya kuwapeleka huko ikavutwa zaidi ya miaka miwili, hadi Januari 2017 walipopakiwa kwenye ndege. Baadaye walikiri makosa New York, na waendesha mashtaka wa huko wakaeleza jinsi hongo ilivyotumika Kenya kuizuia safari hiyo, na jinsi biashara ilivyoendelea wakiwa nje. Baktash alifungwa miaka 25, Ibrahim 23.

Hapo ndipo hoja ya "kesi imechelewa, mpeni dhamana" inapopwaya. Ucheleweshaji wa Mombasa ulikuwa mali ya washtakiwa wenyewe. Walionufaika nao ni wao. Ule wa Kisutu ni wa Jamhuri, yaani upande wa mashtaka. Kuwapima wote kwa mizani moja ni kumwonea mmoja, na mara nyingi anayeonewa ni dereva au mbeba begi, si mwenye mzigo. (Mwenye mzigo kwa kawaida hata benchi la Kisutu halijui.)

Tena kesi ya unga si kesi ya mauaji ya porini. Kielelezo kimekamatwa, kimepimwa uzito, sampuli imekwenda kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, shahidi mkubwa ni askari aliyekamata. Nakubali kufuatilia mtandao uliovuka mipaka huchukua muda, lakini miaka? Na wapo waliofutiwa shtaka, wakakamatwa tena mlangoni na kusomewa lilelile, kalenda ikaanza upya kana kwamba hawakuwahi kulala rumande.

Kwangu mimi, zuio lingebaki kwa miezi ya mwanzo, ambapo hofu ya kutoroka na kuvuruga mashahidi ni kubwa. Baada ya hapo Jamhuri ieleze imefanya nini tangu tarehe iliyopita. Ikishindwa, dhamana ifunguke kwa masharti makali: hati ya kusafiria ikabidhiwe, wadhamini wa kweli, kuripoti polisi kila wiki. Siku zilizoombwa na upande wa utetezi zisihesabiwe.

Ugumu uko kwenye kuhesabu. Anayeona kalenda ikisogea, tarehe kwa tarehe, ni yuleyule hakimu wa Kisutu, na sheria imemwacha na kazi ya kutaja siku nyingine tu.