Mbuzi Kwenye Spika

Najua wengi wenu mmeshaletewa toleo la yule jamaa yangu wa Auburn, lile la kisa hiki analodai nimelia mbele ya familia ya watu. Sikulia. Ni mchuzi wa nyama choma uliniingia jichoni, na asiyeamini aje aoshe shati langu.

Haya. Jumamosi, Mzee mmoja ninayefanya naye kazi hapa Marietta, jimbo la Georgia, Marekani, kanialika kwake tuangalie Georgia na Auburn, timu za vyuo vikuu. Mpira wa Kimarekani, ule wa umbo la yai. Hizi timu zimeanza kukamiana mwaka 1892. Ingekuwa ugomvi wa koo mbili, wangeshaoleana yakaisha. Mimi ni wa Georgia kwa sababu ndiko ninakolipia kodi ya nyumba. Jamaa yangu alisoma Auburn, kwa hiyo yake ni maradhi.

Mlioko nyumbani mnielewe hapa: huku watu wanaangalia mpira kwenye TV, sauti wanaizima, wanafungulia redio. Mtangazaji wa TV ni wa wote. Wa redio ni wa chuo chenyewe, na wala hajifichi, anasema "sisi". Hebu fikiria mtu anatangaza Simba na Yanga redioni halafu anasema, "Jamani, tumefungwa." Asingefika kwake.

Wa Georgia alikuwa Larry Munson, tangu 1966 hadi 2008. Sauti ya kokoto. Timu inaongoza, yeye analalamika kwamba tumekwisha. Mwaka 1980, Lindsay Scott alipokimbia na mpira hadi mwisho na kuimaliza Florida, Munson alivunja kiti cha chuma alichokalia, na habari za kiti akawapa wasikilizaji hapo hapo hewani. Mwaka 2001 Tennessee walipolala dakika za mwisho, alitangaza kwamba tumewakanyaga na kiatu cha misumari tukawavunja pua. Redioni! Jamaa yangu anasema yule hakuwa mtangazaji, alikuwa mfiwa. Lakini mguse umuulize Munson alisema nini mwaka fulani, anakupa neno kwa neno, na kikohozi juu. Adui ndiye msikilizaji makini kuliko wote.

Munson alifariki 2011. Kwa Mzee wangu hajafa, amehamia kooni mwake. Bia ya pili ikishashuka, Mzee anakunja uso, anakwaruza sauti, anamtoa Munson. Wajukuu wanapiga makofi. Mke wake anaondoa vyombo.

Sasa, kiherehere changu. Redio ya Mzee, ya tangu enzi hizo, inaitangulia TV kwa sekunde kadhaa. Mtu anashangilia jambo ambalo macho hayajaona. Wajukuu wakalalamika. Nani akasimama? Fundi wa mitambo kutoka Tabata. Nikawaambia niachieni, nitaifungulia kwenye simu, simu inachelewa, tunaisimamisha TV kidogo mpaka zilingane. Nikaunganisha blutuuthi na spika yao ya uani, spika ukubwa wa pipa. Ikalingana vizuri sana. Nikapigwa pambaja. Nikaongezewa mbavu.

Mapumziko, nikaisimamisha redio nikaingia chooni. Nikarekodi voisi ya kumtumia jamaa yangu. Nikaanza na Kiingereza, nikimwigiza Mzee anavyomwigiza Munson, ninaunguruma, ninasaga meno, tumekwisha, tumekwisha. Nikamalizia na Kiswahili chetu: "Kaka, huyu Mzee akimuiga marehemu, utadhani mbuzi kabanwa na mlango." Nikatuma. Nikarudi uani, nikakaa kwenye kiti cha kukunja, sahani mapajani.

Hapa nisimulie polepole, maana usiku ndivyo inavyonijia.

Nikataka kuisikiliza voisi yangu mwenyewe. Msijifanye, wote mnasikiliza za kwenu. Nikaweka simu sikioni. Nikabonyeza. Kimya. Nikadhani sauti iko chini, nikaongeza. Bado kimya. Nikaongeza mpaka mwisho.

Nyuma yangu mtu akaanza kuunguruma.

Sekunde ya kwanza nilidhani ni Mzee. Nikamtazama, mdomo wake umefungwa, ana mahindi mkononi. Mahindi yakasimama nusu njia. Mbwa akainuka. Ndipo nikaitambua ile sauti, na mwangwi wa vigae vya choo nikautambua. Nikasema moyoni, Kiswahili hawakijui, tulia, cheka kama vile ulipanga. Nikacheka. Mbuzi akapita, kabanwa na mlango wake, mtaa mzima. Hakuna aliyeelewa. Nimepona.

Mezani kule mwisho kuna binti wa Mzee, aliyefika kachelewa. Tulishasalimiana kwa Kiingereza, hai, hai, basi. Akaweka uma chini. Akasema taratibu, kwa lafudhi ya Njombe isiyo na shaka: "Jamani kaka. Mbuzi?"

Miaka miwili alikwenda kujitolea kufundisha sekondari Njombe. Kwa nini mtu haniambii vitu kama hivi?

"Amesemaje?" Mzee akauliza. Binti akatafsiri. Yote. Na mlango aliutafsiri.

Nikaruka kuifuata spika. Kiti cha kukunja hakikuruka, kikajikunja nami nikiwa ndani, mchuzi ukaenda jichoni, na nikiwa pale chini miguu juu, WhatsApp ikaendelea yenyewe na voisi iliyofuata: jibu la jamaa yangu. Rod Bramblett, mtangazaji wa redio wa Auburn, mwaka 2013, anapiga kelele za muujiza, mpira uliogongwa na walinzi wa Georgia ukamwangukia Ricardo Louis zikiwa zimebaki sekunde 25. Uani kwa mtu wa Georgia! Nilitaka ardhi ipasuke.

Mzee akavua kofia. Akasikiliza mpaka mwisho. "Yule kijana alituua siku ile," akasema, "lakini alikuwa mtangazaji. Mungu amrehemu." Bramblett alifariki kwa ajali mwaka 2019. Kisha akanigeukia, nimo bado kwenye kiti. "Munson naye alivunja kiti. Ila yeye tulikuwa tunashinda."

Yaliyofuata ni mafupi. Niliomba radhi, nikalazimishwa kumwigiza mbuzi mara tatu, wajukuu wakarekodi, binti akamtumia jamaa yangu kwa simu yangu mwenyewe. Ndiyo hiyo mnayosambaziana.

Mzee kanialika tena mechi ya Florida. Simu ibaki garini, na kiti nije nacho.