Kijana Naye Aulizwe

Kila nikisikia wito kwamba familia zishirikishwe katika matibabu ya akili, najiuliza: hapa Uganda familia ilitoka lini? Ndiyo inayotafuta nauli, ndiyo inayonunua dawa zikikosekana hospitalini, na ndiyo inayoamua kama mgonjwa aanzie kwa shehe, kwa mchungaji au kwa mganga. Mjomba akisema apelekwe Butabika, hospitali ya akili, atapelekwa. Akisema ni jini, jini litapungwa kwanza. Asiyeulizwa ni mwenyewe anayeumwa, hasa akiwa na miaka kumi na tano au kumi na saba.

Tazama kliniki yoyote. Musawo, yaani mhudumu wa afya, anauliza, "Analala?" Mama anajibu. "Anakula?" Mama anajibu. "Bado anasikia sauti?" Mama anajibu hilo nalo, kana kwamba sauti zinasikika nyumba nzima.

Kisha zinaandikwa dawa. Haloperidol inaweza kukakamaza misuli na kuleta mtetemeko. Chlorpromazine inaleta usingizi mzito. Mwambie mwanafunzi wa S4, yaani kidato cha nne, anayejiandaa kwa mtihani wa taifa wa UCE ameze kitu cha kumlaza darasani, tena bila kumweleza, halafu ushangae vidonge vikikutwa chini ya godoro. Watu wazima watamwita mkaidi. Kumbe kipimo kingeweza kupunguzwa, saa ya kumeza ikahamishwa, au dawa yenyewe ikabadilishwa, kama angepewa nafasi ya kusema. Na akiwa shule ya bweni, dawa anatunza nani? Akienda kuomba kidonge kwa matroni kila jioni, bweni zima litajua kabla ya wiki kuisha. Hilo mjomba hawezi kulifikiria. Kijana analifikiria usiku kucha.

Najua, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto kisheria, na ridhaa hutolewa na mzazi au mlezi. Lakini Uganda iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1990, na ibara yake ya 12 inataka maoni ya mtoto yasikilizwe na kupewa uzito kulingana na umri na ukomavu wake. Kusikilizwa si kukabidhiwa uamuzi wote. Kijana anayetaka kujidhuru leo hangojewi akubali; analindwa kwanza. Akishatulia, lakini, arudiwe na aelezwe alichofanyiwa na kwa nini.

Kwa sisi tunaoishi kwa Kiswahili kuna sura nyingine. Mama ametoka Bukavu, Kongo, anakaa kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale au mtaa wa Kisenyi jijini Kampala, hajui Kiingereza wala Kiganda au Kinyankole. Mwanawe amesoma hapa, lugha anazo. Basi musawo anamtumia kijana kutafsiri ugonjwa wake mwenyewe! Anachosema mama kuhusu usiku ule kijana alipotoka mbio hakifiki. Anachosema musawo kuhusu dawa kinafika nusu. Hapo anayeachwa nje ni mama, na ndiye atakayebaki na mgonjwa nyumbani. Sipendi kijana anyamazishwe, ila hili nalo silikubali. Atafutwe mkalimani mtu mzima asiye jirani yao, maana jirani ana mdomo.

Hata hiyo familia inayoitwa, ni ipi? Mara nyingi anaitwa anayelipa. Nyanya anayepika, anayekesha, anayejua mjukuu ameacha kula tangu Jumanne, amekaa nje kwenye benchi na kikapu chake. Mimi ningemwita nyanya kwanza.

Wahudumu watasema foleni ni ndefu, na ni kweli. Bado naomba dakika tano kijana abaki peke yake na musawo, mlango umefungwa, kabla ya wakubwa kuingia. Na kabla ya kalamu kugusa karatasi aulizwe: "Dawa hii utaimezea wapi, na nani atakuwa anakutazama?"