Msiisingizie Plagi

Wasikilize manahodha wakizozana kuhusu mashine na utadhani kila ugonjwa wa injini ya boti ya kupachika unatokana na plagi, kile kifaa kinachotoa cheche ya kuwasha petroli. Imegoma kuwaka, plagi. Inamisi, plagi. Inakunywa mafuta kupita kiasi, plagi hiyohiyo. Mtu anakwenda dukani, muuzaji anamwambia achukue "ya moto zaidi" ili isilowe tena, naye anachukua. Hapo ndipo ninapogombana na watu.

Nazungumzia tustroki za zamani, injini ambazo oili huchanganywa na petroli, zile Yamaha Enduro za nguvu farasi 15 na 40 ambazo bado zinafanya kazi pwani yetu. Kwa nyingi kati ya hizo, kitabu cha mashine kinataja plagi ya kampuni ya NGK, B7HS au B7HS-10. Maandishi hayo hayakuwekwa kwa urembo. B ni unene wa nyuzi, milimita 14. H ni urefu wa nyuzi, milimita 12.7. Ile 10 ya mwisho ni mwanya wa kurukia cheche, milimita 1. Isiyo nayo hufungwa na mwanya mdogo zaidi, 0.5 hadi 0.6. Na 7 ndiyo kiwango cha joto, yaani plagi inapoteza joto lake haraka au inakaa nalo (hiyo ndiyo "ya moto"), namba ambayo muuzaji anaichezea.

Ncha ya plagi inatakiwa ifike takriban nyuzijoto 450 ili ichome masizi yake yenyewe. Ikipita 850 hivi inageuka kaa la moto, na petroli inawaka kabla cheche haijatoka. Kwenye tustroki moto unapigwa kila mzunguko, si mzunguko mmoja na kupumzika mmoja kama fostroki, kwa hiyo ncha haipati nafasi ya kupoa. Ukifunga plagi ya moto zaidi, ni kweli boti ikikokota mishipi kwa mwendo wa pole mashine itatulia na utamsifu muuzaji. Subiri siku unavuka kutoka Kilindoni kwenda Nyamisati na shehena, maji yanakupinga, resi imefunguliwa mwisho. Pistoni ikitoboka hapo, hata uwe na plagi kumi kwenye mkoba hazitakusaidia.

Halafu kuna mtego wa namba zenyewe. Kwa NGK, namba ikipanda plagi ni baridi zaidi. Kwa kampuni ya Champion ni kinyume chake. Denso nao wana hesabu yao, 22 yao inakaribiana na 7 ya NGK. Muuzaji anayekwambia "zote ni zilezile, bwana" labda hajui, labda anataka kumaliza mzigo wake.

Mimi plagi naichukulia kama shahidi. Ifungue mashine ikiwa imetoka kupiga kazi, uiangalie. Rangi ya kahawia, kama ngozi iliyokaushwa, ndiyo unayoitaka. Nyeusi yenye utelezi ina maana oili imezidi, au mashine inatembezwa polepole mno, au cheche ni dhaifu. Mashine ya silinda mbili ina faida kubwa hapa: ukikuta moja kahawia na nyingine imelowa, petroli si ya kulaumiwa, maana zote mbili zinakunywa tangi moja. Kagua koili, waya na kofia ya plagi ya upande ule. Nyeupe ndiyo inayonitisha. Petroli inafika kidogo, pengine jeti, kile kitundu cha petroli kwenye kabureta, imeziba au hewa inapenya kwenye sili, na kwa tustroki petroli ikipungua ujue oili nayo imepungua. Au mashine inachemka kwa sababu impela, ile feni ya kusukuma maji ya kupoozea, imekwisha.

Kuhusu oili, kuna wazee ninaowaheshimu sana wanaoamini kwamba ukizidisha unailinda mashine. Shikamooni wazee wangu, lakini hapana. Kama kitabu kinasema 50 kwa 1, yaani petroli 50 kwa oili 1, dumu la lita 20 linataka mililita 400, na iwe oili ya boti yenye alama ya TC-W3, si ya pikipiki. Ukiongeza, plagi inaziba masizi. Isitoshe, oili inachukua nafasi ya petroli kwenye jeti, kwa hiyo silinda inapata petroli pungufu na joto linapanda. Mashine mpya au iliyofungwa pistoni mpya ndiyo hupewa oili zaidi, tena kwa muda tu.

Kusafisha plagi kwa brashi ya waya sikupendi. Chembe za chuma hubaki kwenye kauri na cheche hupitia huko. Ikichoka, nunua jozi mpya, na ukiwa dukani ilinganishe na ile ya zamani. Maandishi yaliyofifia na nyuzi zenye makwaruzo ni sababu tosha ya kuirudisha kaunta. Ianze kwa vidole mpaka iguse, ndipo spana iongeze nusu mzunguko au pungufu kidogo. Kichwa cha mashine ni aluminiamu, na nyuzi zake zikikatika utalipa fundi pesa ambayo ingekununulia plagi za mwaka mzima.

Kwa hiyo ikilowa tena wiki ijayo, usibadilishe namba. Mwaga mchanganyiko upime upya, toa maji kwenye chujio, safisha kabureta, angalia kama mashine inatema maji ya kupoozea vizuri. Ukishindwa kote huko, pima mgandamizo wa silinda. Mara nyingi ringi ndizo zilizokwisha.