Barakoa Ilitutangulia

Bibi yangu mzaa mama alikuwa ukumbini kwake Mji wa Kale, Mombasa, redio pembeni, siku ile ya Aprili 2020 ilipotangazwa kwamba kila atokaye nje lazima avae barakoa. Akacheka mpaka akashika mbavu. "Wanaume nao?" akaniuliza.

Sisi wajukuu tulidhani neno lenyewe limetungwa juzi na wasoma habari. Yeye alilijua tangu utotoni, na halikuwa na uhusiano wowote na hospitali. Barakoa ya asili ni kitambaa kigumu kilichotariziwa, chenye kijiti kinachoshuka katikati ya pua, na mwenye kukivaa huachwa macho na mdomo. Mabibi wa Kiarabu wa Unguja katika karne ya 19 walikivaa, na huko Omani wako wanawake wanaokivaa hata leo. Ukimwona mtu na barakoa ulijua mara moja ni wa nyumba gani. Watumwa hawakuruhusiwa hata kujifunika kichwa, seuze uso. Ndiyo maana baada ya utumwa kupigwa marufuku Unguja mwaka 1897, wanawake wengi waliotoka utumwani walijifunga kanga, wakajitanda ukaya, na miaka michache mbele wakavaa buibui, ili asiwepo wa kuwatofautisha na waungwana barabarani.

Nasema haya kwa sababu mabishano yetu ya miaka miwili ya korona kuhusu mavazi yalienda kana kwamba barakoa ni dawa iliyokosea njia ikaangukia kwa fundi cherehani. Upande mmoja ulisema: kitambaa cha kinga kimefanywa pambo, watu wanalinganisha na gauni, tutakufa huku tumependeza. Upande wa pili ukajibu: afadhali ivaliwe kwa urembo kuliko isivaliwe kabisa. Nilikuwa upande huu wa pili, na bado nimo kwa nusu.

Tuanze na fundi. Wangu yuko Mwembe Tayari, Mombasa, na Aprili ile alikuwa amekaa bure. Shule zimefungwa, kwa hiyo hakuna sare. Harusi zimeahirishwa. Hata kazi ndogo ya kupunguza suruali za mitumba ilikauka, maana serikali ya Kenya ilizuia mitumba kuingia nchini kuanzia Machi hadi Agosti 2020. Akabaki na gunia la vipande vya vitenge. Ndani ya wiki moja gunia lile likawa mtaji: shilingi 50 barakoa ya kawaida, 100 ile ya matabaka mawili yenye waya puani. Lastiki ilipoadimika sokoni alikata fulana kuukuu akapata kamba za masikio. Huko Kitui, kiwanda cha kaunti cha KICOTEC, kilichozoea kushona sare za shule, nacho kiligeuza cherehani zake zikashona barakoa. Kwa watu hawa swali la pambo au kinga lilikuwa la wenye mshahara.

Kuna jambo jingine ambalo wakosoaji hawakulitia maanani. Mwanzoni mwa Machi, kabla ya amri, mtu akipanda matatu na barakoa ya hospitali aliachiwa kiti kizima. Ile rangi ya samawati ilisema "mgonjwa". Kitenge kiliondoa aibu hiyo. Mama akivaa barakoa ya kitambaa kilekile cha gauni lake, hakuna anayemwogopa. Atasifiwa, na kesho shoga yake atataka kushonewa kama ile. Sare za harusi zilisambaa hivyo hivyo, na hakuna aliyetumiwa askari.

Sasa upande wa wakosoaji, na hapa sitafuti njia ya kuwapuuza, kwa sababu nimewaona niliowaona. Nimeona mchuuzi karibu na Marikiti ameweka kioo kidogo mezani, na wateja wanajaribu barakoa moja baada ya nyingine, puani hasa, kama wanaojaribu miwani, kisha wanairudisha na kuondoka. Nimemwona mwenzangu wa kazini akivaa ileile ya maua Jumatatu hadi Ijumaa, kwa sababu ndiyo iliyompendeza, bila kuifua. Watu waliishusha ili waongee, wakaipandisha wakinyamaza. Juni 5, 2020 Shirika la Afya Duniani lilipobadili ushauri wake na kuwataka watu wavae barakoa za kitambaa mahali penye msongamano, lilitaka matabaka matatu: la ndani linyonye unyevu, la nje lisiupitishe, la kati lichuje. Kitenge cha fundi wangu kilikuwa pamba mbele na pamba nyuma. Kilinyonya unyevu pande zote.

Ushahidi ulipokuja haukumpendeza yeyote. Huko Bangladesh, watafiti walifanya majaribio katika vijiji 600 vyenye watu wazima karibu 350,000. Vijiji vingine viligawiwa barakoa za hospitali, vingine za kitambaa, vingine havikupewa kitu. Palipogawiwa za hospitali, maambukizi yenye dalili yalipungua kwa takriban asilimia 11, na kwa wenye umri wa miaka 60 na zaidi kwa takriban asilimia 35. Za kitambaa zilionyesha nafuu ndogo isiyoweza kutegemewa kitakwimu. Kwa hiyo kuhusu mapafu, wakosoaji wa kitenge walikuwa na haki, na mimi nilikosea.

Lakini angalia tarakimu nyingine ya utafiti uleule. Uvaaji sahihi ulipanda kutoka asilimia 13 hadi 42, na haukupandishwa kwa faini. Barakoa ziligawiwa bure nyumbani, watu wakaelezwa namna ya kuzivaa, viongozi wa kijiji na wa dini wakazivaa hadharani, na wapita njia wakakumbushwa kwa upole sokoni na msikitini. Yaani mtu alivaa kwa sababu macho ya watu anaowaheshimu yalikuwa juu yake. Bibi yangu asingehitaji utafiti kuambiwa hilo. Kipande cha nguo usoni kwanza kinazungumza na jirani. Virusi vinasikia baadaye.

Ndipo naona kosa kubwa halikuwa la fundi wala la mama mwenye gauni. Lilikuwa la waliodhani nguo huingia mwilini kwa rungu. Kanuni za Kenya za Aprili 2020 ziliweka faini isiyozidi shilingi 20,000 au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili, kwa asiyevaa barakoa hadharani. Mwenye kibanda cha mboga huingiza kiasi gani kwa mwezi? Matokeo tuliyaona ndani ya matatu. Makanga alikuwa anapaza sauti, "Vaeni barakoa, karau mbele!" na nyuso ishirini zikafunikwa kwa pamoja. Kizuizi kikipitwa, zikarudi kidevuni. Kidevuni ndipo barakoa ya Kenya ilipoishi muda mrefu zaidi, na haikuishi hapo kwa sababu ilikuwa nzuri mno. Iliishi hapo kwa sababu aliyevalishwa alikuwa anajikinga na askari.

Na rungu lilifika kwingine. Juni 2020, huko Lessos, Kaunti ya Nandi, kisa kilichoanza na mwendesha bodaboda kukamatwa kwa madai ya kutovaa barakoa kiliishia kwa polisi kufyatua risasi na watu watatu kufa. Nikikumbuka Lessos, vicheko kuhusu barakoa zilizolinganishwa na viatu hunikauka mdomoni.

Wasiopenda hoja hii wataniuliza habari za Tanzania, ambako hakukuwa na rungu la aina hiyo. Ni swali la haki. Jirani zetu waliacha kutangaza takwimu mapema Mei 2020, na barakoa, isiyolazimishwa na sheria, ikawa kauli: ukiivaa unaonekana una mashaka na msimamo wa wakubwa, ukiivua umekubaliana nao. Mkazo ukawekwa kwenye nyungu na kujifukiza. Februari 2021 Rais Magufuli aliwaambia wananchi kwamba hajakataza barakoa ila wavae zilizoshonwa nchini, na baada ya Machi mwaka huo Rais Samia Suluhu Hassan akaonekana nayo kwenye hafla. Mkubwa akavaa, wengi wakavaa. Kwa hiyo uhuru peke yake haukufunika uso wa mtu. Watu walikuwa bado wanasoma nyuso za wakubwa.

Ufaransa nayo ilijikuta pabaya zaidi. Sheria yake ya mwaka 2010 inamtoza hadi euro 150 anayeficha uso hadharani, na kila mtu alijua inawalenga akina nani. Kuanzia Julai 2020, asiyefunika mdomo na pua ndani ya duka alitozwa euro 135. Mama mwenye nikabu angeweza kujikuta anadaiwa kwa kufunika na kwa kutofunika, tofauti ikiwa ni aina ya kitambaa. Hapo ndipo mtu anapoelewa kwamba sheria za mavazi, hata zikivaa koti jeupe la daktari, hazimsahau mvaaji ni nani.

Nimekaa sana usoni. Nihamie kichwani, maana huko mabishano yalikuwa yaleyale kwa sura nyingine. Mei 2020 picha za wasichana wadogo wa Kibera, Nairobi, zilizunguka dunia: nywele zao zimefungwa kwa uzi mweusi na kusimamishwa kila upande kama miiba ya kirusi. Mtindo ukaitwa korona. Wapo waliokasirika, wakisema ni kuufanyia mzaha ugonjwa unaoua. Wapo waliosifu kwamba mtoto anayebeba picha ya kirusi kichwani hawezi kusahau kunawa mikono. Nadhani wote walipitwa na lililo dhahiri. Kusuka kwa uzi ni ufundi wa mama zetu, uliosukumwa kando na nywele bandia na nywele za watu zinazoagizwa China, India na Brazil. Mtindo ule uligharimu shilingi 50 au karibu na hapo, wakati mitindo mingine ilikuwa kati ya 300 na 500. Kazi zilikuwa zimekufa. Mama alitaka mwanawe asitoke nywele timutimu, na msusi alitaka wateja warudi. Jina la korona lilikuwa tangazo la biashara, tena zuri. Uganda, ambako saluni zilifungwa hadi Julai 2020, msusi hakuwa hata na nafasi ya kutafuta jina.

Kuna wanaosema janga liliwarudisha wanawake kwenye nywele zao za asili. Kwa baadhi, ndiyo. Dada yangu alinyoa kipara Aprili na hajarudi kwenye mawigi. Lakini yeye ana mshahara na ofisi iliyomvumilia. Mhudumu wa hoteli ya Nyali aliyenyoa mwezi uleule alinyoa kwa kukosa pesa, na hoteli ilipofunguliwa alikopa ili asuke. Mwonekano mmoja, sababu mbili, na ukihesabu vichwa tu utaandika kwamba wote wawili wamekombolewa.

Kuhusu nguo za nyumbani sina mengi. Wafanyakazi wa ofisini waligundua kwamba shati la juu linatosha kwa mkutano wa kompyuta. Mwanamume wa pwani alikuwa ameshagundua zamani kwamba msuli au kikoi unatosha kwa kila kitu kuanzia laasiri.

Kwenye vipodozi, rangi ya mdomo ilikaa kabatini ikakauka, na wanja ukapata heshima yake. Bibi yangu alifurahia hili kuliko jambo jingine lolote la mwaka ule. Mji wa Kale ulipofungiwa kutoka na kuingia kuanzia Mei 6, 2020, wajukuu wa kike waliokwama naye humo ndani walifundishwa kupaka wanja vizuri, na mkono wake haukutetemeka. Alikuwa akiwaambia kwamba mtu akibaki na macho tu, ayatunze. Mwenyewe alipoanza tena kutoka alivaa ya hospitali, ile ya samawati, chini ya mtandio wa buibui lake. Ya kitenge niliyompelekea aliigeuza huku na huku, akasema imeshonwa vizuri, akanirudishia.

Machi 11, 2022 Kenya iliondoa ulazima wa barakoa hadharani nje. Kesho yake nilipita Mwembe Tayari. Fundi alikuwa anashona sare za shule, shati baada ya shati, na mfuko wa barakoa zisizouzika ulikuwa umening'inia nyuma ya mlango. Alichomoa moja yenye maua ya machungwa, akapangusia mafuta ya cherehani, akaitia mfukoni mwa aproni akaendelea na kazi.