Grupu la ukoo litaniua

Jamani kwenu pia iko hivi au ni sisi tu? Grupu la ukoo lina watu wa Newala, Masasi, Liwale, Dar, binamu mmoja yuko Oman, mimi niko hapa Mtwara mjini, na kuanzia saa 11 alfajiri simu inalia tu, maua, "asubuhi njema wapendwa", maua tena, video ya dakika 8 ya mtu hata simjui anaeleza faida za mlonge, bando linakata kabla sijapiga mswaki. Haya, bibi kalazwa siku 3 kule Newala, nani kasema? Hakuna! Nimekuja kuambiwa na konda wa kosta pale stendi, KONDA jamani, "pole na bibi", nikabaki nimeduwaa na kimfuko changu cha korosho mkononi. Kuuliza kwenye grupu mjomba anajibu "tulidhani unajua". Ningejuaje mjomba, kwa ramli? Na ukitangaza mchango wa unyago ndo usiseme, tiki za bluu kibao, jibu hamna, hata yule wa maua kapotea. Sasa hivi nimeandika "bibi anaendeleaje?" Nimetumiwa waridi.