Binti wa Yeftha aliuawa kweli au aliwekwa wakfu tu?

Jumatano iliyopita kwenye jumuiya yetu huku Nkuhungu, Dodoma, tulifika Waamuzi 11 na watu wakagawanyika kabisa, saa nne usiku wengine bado wamesimama nje ya geti wanabishana, na mi nimekaa na hii kitu kichwani wiki nzima ndo maana nimeamua kuandika.

Kwa asiyeikumbuka stori ni hii. Yeftha mama yake alikuwa kahaba, ndugu zake wakamfukuza ili asigawane nao urithi, akakimbilia nchi ya Tobu. Baadae Waamoni wakaleta vita, wazee wa Gileadi wakamfuata huko huko wakamwomba arudi awaongoze. Kabla ya vita akaweka nadhiri kwamba Mungu akimpa ushindi, chochote kitakachotoka kwenye milango ya nyumba yake kuja kumlaki atakitoa sadaka ya kuteketezwa. Akashinda. Akarudi kwake Mispa na aliyetoka ni binti yake, mtoto wake wa pekee, anakuja na matari anacheza. Baba akararua nguo zake. Binti akamwambia nitendee ulivyosema, ila nipe miezi 2 niende milimani na wenzangu niulilie ubikira wangu. Miezi ikaisha akarudi, na Biblia inasema baba yake akamtendea sawasawa na nadhiri aliyoiweka. Basi, imeishia hapo. Kisu hakitajwi, moto hautajwi, na Mungu hasemi neno hata moja.

Sasa upande wa kwanza, ambao kwetu ulikuwa na watu wengi, unasema binti hakuuawa, "kuteketezwa" hapa ni lugha ya picha, maana yake alitolewa mzima mzima kwa Bwana, akae bila kuolewa maisha yake yote akihudumu. Na msidhani hawana hoja, wanazo. Kwanza angalia binti analilia nini, halilii uhai wake, analilia ubikira. Halafu mstari wa 39 baada tu ya kusema nadhiri ilitimizwa unaongeza kwamba alikuwa hajamjua mume, sasa kama kachomwa moto hiyo habari ya kutojua mume inatusaidia nini? Pia Kutoka 38:8 inataja wanawake waliokuwa wanatumika mlangoni pa hema, na Hana alimtoa Samweli kwa Bwana akiwa hai na akakulia Shilo, kwa hiyo kumtoa mtu kwa Mungu bila kumuua kulikuwepo. Alafu kuna suala la herufi moja tu ya Kiebrania, ile inayotafsiriwa "na" katika "kitakuwa cha Bwana, NA nitakitoa sadaka", ambayo kuna mahali inaweza kumaanisha "au". Rabi (mwalimu wa dini wa Kiyahudi) David Kimhi, aliyeishi kama mwaka 1160 mpaka 1235, aliisoma hivyo: kama ni kitu kinachofaa madhabahuni kitateketezwa, kama hakifai kitakuwa cha Bwana tu, na binti akajengewa nyumba ya peke yake akakaa humo. Ukichanganya na Walawi 18:21 na Kumbukumbu 12:31 zinazokataza kabisa watu kutoa watoto wao kwa moto, na Waebrania 11:32 inayomtaja Yeftha kwenye orodha ya mashujaa wa imani, unaelewa kwa nini mtu anasema haiwezekani, lazima ni mfano.

Mi nilikuwa upande huo miaka mingi. Sasa hivi nimetoka, na nitaeleza kwa nini.

Lile neno la Kiebrania linalotafsiriwa sadaka ya kuteketezwa ni lile lile la Mwanzo 22 Ibrahimu alipoambiwa amtoe Isaka, na pale hakuna anayesema Ibrahimu aliambiwa ampeleke Isaka akahudumu mahali. Ibrahimu alielewa, kuni alizipasua. Tofauti ni kwamba kule kuna malaika na kuna kondoo dume kwenye kichaka, huku kwa Yeftha hakuna kitu. Na wasomaji wa zamani hawakuwa na wasiwasi kwamba aliuawa. Yosefo, yule mwanahistoria Myahudi wa karne ya 1, aliandika wazi kwamba Yeftha alimtoa binti yake sadaka, na akaongeza hapo hapo kuwa sadaka hiyo haikuwa ya sheria wala haikumpendeza Mungu. Hata kati ya marabi wenyewe, Nachmanides aliyekuja baada ya Kimhi aliikataa hiyo tafsiri ya kukaa bikira akasema binti alikufa. Na hiyo ya Waebrania 11 haithibitishi mengi, maana mstari huo huo una Samsoni na una Daudi, tunajua walivyofanya na hatusemi dhambi zao zilikuwa mfano. Na ubikira nao, kwa watu wale kufa bila mtoto ndo ilikuwa kufa kabisa, jina limefutika, na la Yeftha pia maana hakuwa na mtoto mwingine. Mtu anaweza kuulilia ubikira wake kwa sababu anakufa nao.

Ila hapa kwenye neno "chochote" ndo nataka nikae kidogo, maana nusu ya ubishi wetu Jumatano ilitoka hapo na ni ubishi wa Kiswahili, sio wa Kiebrania. Dada mmoja alisema kwa nguvu Yeftha alisema CHOCHOTE, hakusema YEYOTE, kwa hiyo alikuwa na nia ya mnyama. Ni kweli Biblia yetu ya Union ya 1952 imeandika chochote kitakachotoka. Lakini Kiebrania hakina ngeli kama zetu, neno la pale linaweza kuwa anayetoka au kinachotoka, vyote viwili sawa tu, sasa mtafsiri wa Kiswahili hana pa kujificha, lazima achague a- au ki-, na akishachagua tayari ameshaamua kama Yeftha alikuwa mzembe au muuaji. Yaani sisi tunagombana juu ya nia ya mtu kwa kutumia kiambishi ambacho yeye hakukitamka.

Mzee mmoja Mgogo, mtu wa Mvumi, akatoa kitu ambacho mi sikuwahi kukifikiria. Akasema nyie watoto wa mjini mnashangaa mnyama kutoka mlangoni kwa sababu mmekulia nyumba za bati, sisi tumekulia kwenye tembe, mbuzi na ndama wanalala humo humo, asubuhi ukifungua mlango anayetangulia kutoka sio mama, ni mbuzi. Na amegusa kitu cha kweli, maana waliochimbua vijiji vya Waisraeli wa kale, kama 1200 mpaka 1000 kabla ya Kristo, wamekuta nyumba za vyumba vinne, na wengi wao wanaona mifugo ilikuwa inalala chini na watu juu. Kwa hiyo nadhiri ya Yeftha haikuwa ya kichaa kama inavyosikika ukiwa umekaa Area C hapa mjini.

Lakini mzee huyo huyo, akaulizwa, mbuzi anakuja kukulaki? Akanyamaza kidogo akasema hapana, wanaokulaki ni wanawake na ngoma. Na ndivyo ilivyo hata kwenye Biblia, Miriamu na wanawake walitoka na matari baada ya bahari ya Shamu, baadae wanawake walitoka kumlaki Sauli na matari. Sisi huku ngoma ya muheme wanaopiga ni akina mama, kila mtu wa Dodoma ameiona. Mwanaume anayerudi na ushindi kutoka vitani, nyumbani ana binti mmoja, alitegemea nani atoke? Hapo mi ndo naona Yeftha hawezi kutetewa kwa ngeli wala kwa tembe. Alijua, au alikataa kufikiri, na kwangu havitofautiani sana.

Kinachoniuma kwenye ile tafsiri ya mfano sio kwamba ni ya kijinga, ni kwamba inaharakisha kumwokoa baba. Unamsafisha Yeftha, unamsafisha na Mungu ambaye hata hakuhitaji kusafishwa maana hakuiomba ile nadhiri, na yule mtoto analia milimani unamwambia nyamaza, hukufa. Ila wanaosoma neno kwa neno nao wana kosa lao kubwa zaidi, wanadhani ikishaandikwa kwamba ilitokea basi Mungu aliipokea. Wapi imeandikwa aliipokea?

Na njia ya kutokea ilikuwepo. Walawi 5 inasema mtu akiapa kwa haraka bila kufikiri, akija kutambua akiri, alete kondoo jike au mbuzi jike, kuhani amfanyie upatanisho. Mbuzi! Kwenye nyumba ambayo mbuzi walikuwa wamejaa. Walawi 27 nayo imeweka bei kabisa kwa mtu aliyewekewa nadhiri, msichana wa miaka 5 mpaka 20 ni shekeli 10. Miezi 2 ilikuwepo, na kuhani alikuwepo. Marabi wa zamani wana mapokeo kwamba Yeftha na kuhani Finehasi kila mmoja alimsubiri mwenzake aje kwake kwa sababu ya cheo, na katikati yao msichana akapotea. Linganisha na 1 Samweli 14, Sauli naye aliapa kiapo cha ovyo kikamwangukia mwanawe Yonathani, lakini watu wakasimama wakasema hata unywele wake hautaanguka, na Yonathani akapona. Wale wazee wa Gileadi waliojua njia ya kwenda Tobu kumtafuta Yeftha, siku zote 60 walikuwa wapi?

Hii kitu nimeing'ang'ania sababu kwenye jumuiya kuna mama, mtoto wake aliumwa sana mwaka jana, akaweka nadhiri kwamba akipona atatoa kiwanja chake cha Nala. Mtoto amepona, tunamshukuru Mungu. Kiwanja alikinunua kwa kuuza vitumbua miaka na miaka, ndo kitu pekee alichonacho, na mnajua viwanja vya Dodoma tangu serikali ihamie huku vimefika wapi. Kaenda kuomba ushauri kwa mtumishi mmoja akaambiwa Yeftha alitoa hata binti yake wewe unasitasita na ardhi. Siku ile tunabishana kuhusu ngeli na herufi alikuwa amekaa pembeni kwenye mkeka, hajasema neno.

Mimi siwezi kumwambia avunje nadhiri, Mhubiri 5 inaogopesha na mimi naiogopa. Lakini ile Walawi 27 haiishii kwa watu, inaendelea mpaka nyumba na shamba, kwamba aliyeliweka wakfu akitaka kulikomboa anaongeza moja ya tano ya thamani, na kwa aliyemweka mtu nadhiri halafu bei ikamshinda inasema kuhani akadirie kwa kadiri ya uwezo wake. Kwa kadiri ya uwezo wake, imeandikwa hivyo. Tumepanga kuisoma pamoja Jumamosi, yeye na mumewe na yule mzee wa Mvumi, kabla hajaenda kusaini.