Utepe wa Buluu na wastani wa sabini

"Mjomba, kwani huko shule ikishinda inapewa ng'ombe?"

Ni swali la binti wa dada yangu, Uyole, nilipokuja likizo mwezi wa saba. Tulikuwa tumezunguka jiko la mkaa, maana baridi ya Mbeya msimu ule haina mzaha. Nilikuwa nimewaonyesha kwenye simu picha ya bendera iliyopandishwa mbele ya shule ya parokia yetu kule Indianapolis, Marekani, anakosoma mwanangu.

Hawakuwa wanatoa ng'ombe wala hela. Shule ilikuwa inapata bendera na kibao cha ukutani, basi. Tuzo iliitwa Utepe wa Buluu, na Wizara ya Elimu ya Marekani iliianzisha mwaka 1982. Shule binafsi, za Kikatoliki zikiwemo, zilikuwa zinapendekezwa na baraza lao wenyewe, zisizozidi 50 kwa mwaka nchi nzima. Ili shule ya namna hiyo ipite kwa ufaulu, wanafunzi wake walitakiwa wawe ndani ya asilimia 15 ya juu kitaifa katika kusoma na hesabu. Kulikuwa na njia nyingine pia: shule iliyopunguza pengo kati ya makundi ya wanafunzi, tuseme watoto wa maskini na wenzao, nayo ilitambuliwa. Yetu ilipita kwa ufaulu. Lakini ile njia nyingine ndiyo iliyonikaa kichwani, kwa sababu ya huyu binti aliyeniuliza habari za ng'ombe.

Alikuwa anasoma shule ya bweni ya kanisa, siitaji jina. Mwisho wa darasa la tano alipata wastani wa 66, shule inataka 70. Dada akaitwa ofisini achague: mtoto arudie darasa au ahamishwe. Ada ya mwaka mzima ilikuwa imetoka kwenye viazi, gunia kwa gunia. Akamhamisha. Matokeo ya darasa la saba yalipotoka, shule ikatundika bango barabarani: A tupu, na picha za watoto wamevaa tai. Mchele wa Kyela ukiupepeta mpaka zibaki punje nzima tu, utakuwa mzuri kweli, ila usimwambie mtu kwamba umelima wewe.

Sisemi shule zetu za kanisa hazifundishi. St. Francis ya wasichana, hapahapa Mbeya, imekuwa juu kitaifa kidato cha nne miaka na miaka, na kazi inayofanyika mle si ya kubezwa. Mimi mwenyewe nimepita mikononi mwa masista na nikasoma.

Wala Marekani si peponi. Ada ya kule ni chekecheo tosha. Wengi hawafiki hata getini, ingawa jimbo letu la Indiana lina vocha za serikali tangu 2011 zinazosaidia wazazi kulipa. Mwanangu alipokuwa darasa la pili kusoma kulimshinda. Mwalimu hakuniita kunipa barua. Alimpangia mwalimu msaidizi, nusu saa kila siku, mpaka akakamata. Nilidhani ni upendo wa Kikristo, na labda upo, lakini kuna jambo jingine: shule za Kikatoliki za Marekani zilikuwa na wanafunzi zaidi ya milioni 5 katikati ya miaka ya 1960, leo hawafiki milioni 2. Mwenye madawati matupu hafukuzi mtoto. Huku kwetu wazazi wamejipanga na fomu mkononi, ukitoka wewe anaingia mwingine.

Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora Januari 2023, nami niliunga mkono. Lakini orodha haikufa, ilihamia WhatsApp na kwenye mabango. Wamarekani nao wizara yao iliufuta Utepe wa Buluu Agosti 2025, na bado shule yetu inaipeperusha bendera yake. Watu wanapenda kujua nani wa kwanza, hilo huwezi kulizuia. Mimi ningetaka bango liandike namba mbili tu juu ya zile picha: walioanza darasa la kwanza wangapi, na kati yao waliofika la saba palepale wangapi.

Binti sasa yuko shule ya serikali, darasa limejaa, na anawafundisha wenzake hesabu za sehemu. Nilimwambia dada nataka kuandika haya pamoja na jina la ile shule.

"Thubutu," akasema. "Mdogo wake bado yuko pale. Na muhula huu sijamaliza ada."